Mabanda ya Ruma ni Mali ya Nani?



Kutoka hapa Awasi hadi Mbuga ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, ni safari ya saa chache tu, lakini wengi wetu hatujawahi kupita lango lake. Ruma, iliyotangazwa mbuga ya taifa mwaka 1983, ndiyo kimbilio la mwisho la korongo, yule swara mkubwa, katika nchi yetu.

Kila inapozungumzwa habari ya kuvutia wageni, fikira hukimbilia hoteli za saruji na vioo. Mimi natetea mabanda madogo ya mawe na nyasi katika viwanja vya kambi, yenye jiko, choo safi na maji. Hata Marekani, kati ya mwaka 1933 na 1942, serikali iliwaajiri vijana waliokosa kazi, wakajenga vibanda vya mawe na magogo katika mbuga zao. Mengi ya majengo hayo yangali yanatumika.

Hata hivyo, sura ya unyenyekevu haitoshi. Paa la nyasi laweza kufunika dhuluma sawasawa na paa la bati. Zabuni ikitolewa gizani, na fundi wa Lambwe ajuaye kuezeka akaachwa akichungulia uani, tutakuwa tumejenga mfano wa boma letu na kujifungia nje.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 chasema mbuga za taifa ni ardhi ya umma, iliyowekwa amana kwa ajili ya watu wa Kenya. Kifungu cha 69 chaagiza umma ushirikishwe na faida zigawanywe kwa haki. Haki hizi zilipiganiwa. Mwaka 1989, enzi ya chama kimoja, Wangari Maathai alitukanwa hadharani kwa kupinga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park.

Basi, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, tudai mambo matatu: tathmini ya athari kwa mazingira isomwe hadharani kwa lugha tunayoielewa, hesabu za zabuni zibandikwe mahali pa wazi, na mafundi na wakata nyasi wa vijiji jirani waajiriwe kwanza. Ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya siku za Nehemia, wengi walijenga mkabala wa nyumba zao wenyewe. Kila parokia na kila kikundi na kiandike barua.