Dharau Haishonwi Kwenye Joho

"Mwanaume ukimsomesha mkeo mpaka udaktari, umejinunulia bosi." Maneno haya yametoka mimbarini, hapa hapa Kyela, kwenye ibada ya shukrani ya mama aliyehitimu shahada ya uzamivu. Mumewe alikuwa benchi la mbele, mkoba wa mkewe mapajani, jasho likimtiririka ndani ya suti. Waumini wakaangua kicheko. Mimi hata hamu ya pilau iliniisha.

Dharau haishonwi kwenye joho, jamani! Mwenye dharau alikuwa nayo tangu darasa la nne. Nendeni Ipinda siku ya gulio mkawaone wanaume wasiojua hata kusoma mfuko wa mbolea wanavyowafokea wake zao mbele ya magunia ya mpunga waliolima akina mama hao hao. Hao wafokaji wamesoma chuo gani?

Mnataka ushahidi wa nyumbani? Monica Hunter alipata udaktari wake Cambridge mwaka 1934. Mwaka uliofuata akaolewa na Godfrey Wilson, wakaja kuishi huku kwetu Unyakyusa wakitafiti maisha ya babu zetu. Mume akakaa na wanaume, mke akakaa na akina mama. Godfrey alipofariki mwaka 1944, yule daktari hakuyachoma madaftari ya marehemu. Aliyatumia pamoja na ya kwake kuandika kitabu cha Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Kama hiyo ndiyo dharau, na mimi nidharauliwe.

Siku hiyo ya ibada, mjomba mmoja alinifuata nje, mdomo umejaa ndizi, akaniambia eti mwanamke msomi hawezi kupika mbasa. Mjomba, aliyemaliza tasnifu ashindwe na samaki? Wewe uliyeishia la saba, umempika lini?

Dk. Tulia Ackson, binti wa Rungwe hapo juu tu, alipata udaktari wa sheria Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2022 akawa Spika, na mwaka uliofuata akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Sijasikia kwamba ng'ombe wa kwao Tukuyu wamegoma kutoa maziwa.

Kinachonichefua zaidi, mhubiri mwenyewe anataka aitwe Dokta. Wa heshima! Kavishwa joho kwenye ukumbi wa hoteli, na chuo kilichomvisha hakuna anayejua darasa lake liko wapi. Huyo ndiye anayemtisha yule mume wa benchi la mbele, aliyeuza kakao msimu baada ya msimu kulipa ada, akapika uji wa watoto mwenyewe na kumsindikiza mkewe stendi alfajiri.

Mwaka juzi kanisa hilo hilo lilimshukuru Mungu kwa kijana wetu aliyehitimu udaktari. Mkewe ndiye aliyebaki na shamba, watoto na mama mkwe mgonjwa. Nilingoja mimbari imwonye naye kwamba amejinunulia bosi. Wapi! Aliambiwa asimame, akapigiwa makofi, halafu akahimizwa azidishe utii kwa kuwa sasa ameolewa na mtu mkubwa.