Ukungu wa mkebe na ukungu wa kibuyu

Haya wasomaji, leo seva zipumzike kidogo. Nina neno na wenzangu wa fani hii ya kompyuta, hasa nyinyi mlioko Nairobi ambao zamani mlikuwa mkigombania PHP na Python, na siku hizi mnagombania aina za hopsi. Bia ninayoisema mnaijua: IPA maradufu yenye ukungu, ile ambayo ukiimimina unadhani ni juisi ya embe. Mnaiweka dirishani mwanga upite mpige picha, ingawa mwanga haupiti. Kisha mnaandika: embe, pasheni, nanasi, laini mdomoni. Sawa, bia ni nzuri, sibishi. Ninalobisha ni hili: nyinyi haohao mkipita Maungu kwa basi, mkimwona mama anapima kinywaji chenye ukungu uleule, mnasema "pombe haramu" na kufunga dirisha.

Tuanze na bia yenyewe, maana wengi wanaisifu bila kujua inavyofanya kazi. IPA ni bia yenye hopsi nyingi, yale maua ya mmea unaotambaa ambayo huipa bia uchungu na harufu. Ikiitwa maradufu, basi kimea kimeongezwa, hopsi zimeongezwa, na kilevi kimepanda hadi asilimia 8 hivi au zaidi. Mpikaji anayetajwa sana kuwa wa kwanza ni Vinnie Cilurzo, huko Temecula, California, mwaka 1994, na ile yake ilikuwa chungu kwelikweli. Ukungu ulitokea upande wa pili wa Marekani, jimbo la Vermont, ambako John Kimmich wa kiwanda cha The Alchemist alianza kupika Heady Topper mwaka 2004. Katika mtindo huu hopsi nyingi hutiwa mwishoni moto ukishazimwa, na nyingine zaidi bia ikiwa inachachuka au imeshachachuka. Harufu inabaki, uchungu unapungua. Wapikaji wengi huongeza ngano na oti, protini zake zinashikana na kemikali za hopsi zinazoitwa polifenoli, halafu bia haichujwi. Basi! Huo ndio ukungu wenyewe.

Wamarekani nao walichelewa kuukubali. Kwa miaka mingi IPA isiyopitisha mwanga ilionekana na wengi kuwa imeharibika. Ni mwaka 2018 tu ndipo chama chao cha wapikaji, Brewers Association, kilipoiandika bia hii kwenye orodha yake ya mitindo. Kasoro ikawa mtindo, na ndani ya glasi hakuna kilichobadilika. Sisi waandishi wa programu tuna utani wa aina hiyo kuhusu hitilafu, kwa hiyo msijifanye hamuelewi.

Sasa namna ya kuiandaa. Harufu ile haidumu. Hewa ya oksijeni na joto huiua, kwa hiyo bia hii inatakiwa kukaa baridini tangu kiwandani hadi mezani, na inywewe ndani ya miezi miwili mitatu hivi. Kitu cha kwanza kusoma ni tarehe ya kufungwa, si ule mchoro wa mkebe. Usiipe baridi ya barafu, maana ulimi ukifa ganzi hutanusa kitu. Digrii 7 hadi 10 zinatosha. Glasi iwe safi, isiyo na mafuta wala sabuni. Na mgawane. Mkebe wa mililita 473 wenye asilimia 8 una karibu mililita 38 za kilevi chenyewe, wakati Tusker ya nusu lita, asilimia 4.2, ina 21. Mkebe mmoja ni kama Tusker mbili kasoro kidogo. Msiniambie ni juisi.

Mwaka jana niliagiza mkebe mmoja kutoka duka fulani la mtandaoni, shilingi 1,200, ukanifikia Maungu ndani ya buti la basi. Joto la huku mnalijua. Tarehe ya chini ilionyesha miezi 11 tangu ufungwe. Rangi ilikuwa imegeuka kama chai iliyolala, embe hakuna, pasheni hakuna, nikanusa karatasi iliyolowa na asali. Nikampa kidogo mzee mmoja jirani, mnywaji wa mnazi wa miaka mingi. Akaonja, akarudisha glasi taratibu. "Mwanangu, hili tembo limelala."

Neno moja, limelala! Wenzangu wa Nairobi wangeandika aya tatu na kuipa nyota nne.

Mzee alijua kwa sababu amekulia kwenye kinywaji chenye saa yake. Kiswahili kimetupa neno tembo kwa mnyama na kwa kinywaji, na Marungu tunawajua wote wawili. Mnyama anatumalizia mahindi usiku. (Hata Tusker ilipata jina kwa sababu ya ndovu aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa Kenya Breweries, mwaka 1923.) Kinywaji hutoka pwani upande wa Rabai na Kaloleni, maana ukame wetu si wa minazi. Mgema anapanda asubuhi na jioni na kotama yake, anakata, utomvu unadondokea kibuyuni, na hamira za hewani zinaanza kazi bila kualikwa. Ukiwahi ni tamu, ukichelewa ni kali, ukisahau ni siki. Hakuna mnywaji wa mnazi duniani ambaye angelipa shilingi 1,200 kwa tembo la miezi 11.

Tazama na vyombo. Mkebe wa Heady Topper umeandikwa kwamba bia inywewe humohumo mkebeni, isimiminwe, na mashabiki wakasema huo ni upeo wa falsafa. Mmijikenda anakunywa mnazi ndani ya mboko, kwa mrija wenye kichujio mwishoni, na huo mnauita ushamba. Basi semeni wazi kwamba mnachoonja ni lebo.

Mtaniambia kuhusu vifo, na ni haki yenu. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza hatua kali dhidi ya pombe haramu. Simtetei muuaji, wala mlevi anayeacha watoto na njaa. Lakini tutenganishe mambo kama tunavyotenganisha faili. Hatari kubwa ya methanoli huja pale pombe kali inapoongezwa kemikali za viwandani. Busaa ni unga wa mahindi uliochachushwa na kimea cha wimbi. Mnazi ni utomvu. Kuzimwaga hizi hadharani mbele ya chifu hakuokoi mtu aliyeuziwa kemikali mtaa wa pili, na mama pima aliyelala rumande ndiye aliyekuwa akilipa karo kwa mitungi ile.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ya Mututho, iliziruhusu pombe za kienyeji kwa masharti ya leseni na viwango. Kwenye karatasi mlango upo. Ila umepimwa kwa upana wa kiwanda, na mama mwenye mitungi miwili ya mbangara hapiti. Viwanda vidogo vya Nairobi kama Bateleur na 254 Brewing vimepita, na hongera zao, wana mtaji na wanasheria.

Richard Stallman amechoka kueleza kwamba programu huria ni uhuru kama wa kusema, si kama bia ya bure, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili. Sisi tuna huru na tuna bure, hatuhitaji mhadhara. Mwaka 2004 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha IT cha Copenhagen na wasanii wa Superflex walitoa bia iitwayo Vores Øl, mapishi yake yakiwa na leseni ya Creative Commons, mtu yeyote ayabadilishe na auze. Mwaka 2016 BrewDog ya Uskoti ikamwaga hadharani mapishi yake yote. Mbangara haijaandikwa popote mkaguzi anapoweza kuisoma, na asichoweza kukisoma anakimwaga.

Kaunti ya Taita Taveta, leseni za pombe ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010. Wekeni leseni ya mtungi: kiwango kidogo, kuuza hapohapo, tarehe ya kupikwa imeandikwa kwa chaki, na haidromita ya kupima, ambayo ni kigae cha kioo chenye namba tu. Kumbukumbu zinaweza kukaa kwenye simu ya kawaida. Nileteeni akina mama watano wa Marungu waliokubali kupimwa, na programu hiyo nitaiandika mimi. Itakuwa huria, na kwa mara hii itakuwa bure pia.