Onyo la Diski na Namna ya Kulisoma

Masika yaliyopita mwalimu mmoja wa sekondari alipanda hadi nyumbani kwangu Kilakala, mvua ikishuka kutoka Uluguru, akiwa ameifunika kompyuta ya shule kwa khanga kama mama ampelekaye mtoto zahanati. "Dokta," akasema kabla hajaketi, "programu ya kukagua diski imeniandikia 'tahadhari' kwa rangi ya manjano. Fundi wa mjini ametumia programu nyingine, nayo imesema diski imefaulu. Nimwamini nani?" Ndani ya diski hiyo mlikuwamo alama za mazoezi na mitihani za vidato vinne, pamoja na vipimo vya mvua ambavyo klabu ya sayansi ya shule ilikuwa imeviandika kila asubuhi kwa miaka sita. Nakala nyingine haikuwapo.

Swali la mwalimu yule ni swali la kisayansi hasa, nami naona lastahili kufundishwa darasani. Programu zote mbili zilikuwa zikisoma namba zile zile. Zilitofautiana katika hukumu tu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani ya diski ngumu mna sahani moja au zaidi, za alumini au kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Sahani hizo huzunguka aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanometa chache tu, ilhali unene wa unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanometa. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasifungue diski inayotumika kwa hamu ya kuona: chembe moja ya vumbi la Morogoro ni jabali mbele ya kichwa hicho. Habari huandikwa katika vipande viitwavyo sekta, na kiwandani diski huwekewa sekta za akiba. Sekta ikiharibika, diski huiacha na kuhamishia kazi yake kwenye akiba, kimya kimya, bila kumwuliza mtu.

Hata hivyo, diski huweka hesabu ya mambo hayo. Tangu miaka ya 1990 diski nyingi zimetengenezwa na utaratibu uitwao SMART, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kujichunguza, kujichambua na kutoa taarifa. Humo mna saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi, joto lake, sekta zilizohamishwa, sekta ambazo zimeshindwa kusomeka na sasa zinasubiri uamuzi, na makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta. Kila jambo lina namba mbili. Moja ni hesabu halisi. Nyingine ni alama, ambayo mara nyingi huanza na 100 au 200 na kushuka kadiri hali inavyoharibika. Ikifika kiwango kilichowekwa, diski hutangazwa kuwa imefeli. Wanafunzi wengi huidhani alama hiyo kuwa asilimia ya uzima. Siyo. Na kiwango cha kufeli kimewekwa na kiwanda chenyewe, ambacho, ikiwa muda wa dhamana haujaisha, ndicho kitakachodaiwa diski mpya. Mwalimu yeyote atatambua udhaifu wa mtihani ambao mtahiniwa amejipangia mwenyewe alama ya kufaulu.

Kwa hiyo tusome hesabu halisi, lakini kwa akili. Baadhi ya viwanda huandika makosa ya kusoma kwa namba moja iliyobeba mambo mawili kwa pamoja, hata diski iliyo nzima ikaonyesha tarakimu tisa. Namba hiyo isimtishe mtu. Makosa ya mawasiliano yakiongezeka huku sekta zote zikiwa salama, mgonjwa aghalabu ni waya au kiungio chake, na waya ni rahisi kubadili. Nimeona diski njema zikitupwa kwa sababu ya waya mbovu. Sekta zinazosubiri ni jambo jingine. Hapo diski inakiri kwamba kuna habari iliyokabidhiwa ambayo sasa haiwezi kuirudisha.

Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walitoa matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Waligundua kuwa diski ambayo ukaguzi wa uso wake umeonyesha kosa la kwanza ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata kuliko isiyo na kosa. Lakini katika diski zilizokufa, zaidi ya asilimia 36 hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote ya SMART, ukiacha joto.

Namba hizo mbili zasemwa kwa pamoja, nami sipendi zinapotenganishwa. Ya kwanza yatufundisha kuwa onyo likitolewa lina uzito, ingawa diski nyingi zilizoonya ziliendelea kufanya kazi kwa miezi kadhaa. Ya pili yatufundisha kuwa ukimya wa diski si ushahidi wa uzima wake. Hapa Morogoro tuna mfano ulio karibu. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa kifua kikuu katika makohozi, na sampuli wanazopewa ni zile ambazo zahanati zimekwisha kuzipima. Miongoni mwa zile zilizotajwa kuwa salama, panya wamewagundua wagonjwa wengi. Na panya akiashiria, mgonjwa haanzishiwi dawa kwa neno la panya peke yake. Maabara huthibitisha kwanza. Onyo linaheshimiwa na kuthibitishwa, wala jibu la "salama" halifungi mjadala.

Kuna tofauti moja ambayo watu huisahau. Kwa diski, nakala hutangulia uchunguzi. Fundi wa mwalimu wetu, kwa nia njema, alikuwa ameanza kuipima diski uso mzima kwa saa nyingi, ilhali kila saa ya kuzungushwa ingeweza kuwa ya mwisho. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo hilo nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ng'ambo: nilisikia diski ikigonga, nikakesha nikitafuta sababu yake, na kulipokucha sura mbili hazikuwapo tena. Diski inayogonga huzimwa mara moja.

Lipo pia jambo ambalo sitalifumbia macho. Kompyuta nyingi zinazoingia shuleni zilikwisha kutumika kwingine. Muuzaji akiifuta diski na kuandika upya uso wake wote, sekta zilizokuwa zikisubiri huamuliwa: nyingine hupona, nyingine huhamishwa, na hesabu ya zinazosubiri hurudi sifuri. Mnunuzi huambiwa imetibiwa. Atazame sekta zilizohamishwa, kisha saa za kazi. Mwaka una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 43,800 imezunguka muda wa miaka mitano kamili. Kwa diski za elektroniki zisizo na sahani mambo ni magumu zaidi, maana hizo huweza kufa bila hata sauti.

Ya mwalimu yule tuliyatengeneza kwa utaratibu. Tulinakili kwanza alama za wanafunzi, kisha vipimo vya mvua, katika vifaa viwili, kimoja kikabaki kwangu na kimoja akaenda nacho. Mafaili mawili ya mvua yalikataa kusomeka. Kwa bahati wanafunzi walikuwa wamehifadhi daftari. Ndipo tukabadili waya, tukaanza kupima. Siku hiyo sekta zilizohamishwa zilikuwa 8. Nikawaomba wanaklabu waandike hesabu hiyo kila Jumatatu na kuichorea grafu, kama walivyozoea kuichorea mvua. Wiki ya pili ilibaki 8, na mwanafunzi mmoja akaniandikia kwamba diski imepona. Wiki ya nne ilikuwa 24, ya sita 136. Mwalimu ameomba kompyuta ipate diski mpya, na ile ya zamani imo maabara ya fizikia, imefunguliwa juu ya meza, ili Kidato cha Pili wakione kichwa chake.