Matete si matete tu

Katogota, uwanda wa Ruzizi. Ndugu wasikilizaji, na ninyi mliohama makwenu kwa vita ao kwa maji, kuna neno linalosemwa sana huko kandokando ya ziwa: «Fyeka, uza kiwanja, yataota mengine. Matete ni matete tu.» Mimi ninalikataa.

Tazameni mikoko ya Bahari ya Hindi. Miche yake huelea, inakwenda inakopelekwa na maji. Mkondo mkubwa wa kutoka mashariki hugawanyika karibu na kaskazini mwa Msumbiji: maji mengine yanapanda Tanzania na Kenya, mengine yanashuka kusini. Wataalamu walipopima vinasaba vya mkoko wa aina moja, walikuta wa kaskazini na wa kusini wametengana. Hakuna ukuta pale. Maji ndiyo yaligawa ukoo.

Sisi tuna Ruzizi. Inatoka Kivu, inapita Kamanyola, hapa kwetu na Luvungi, inaingia Tanganyika. Hairudi nyuma. Mizizi ya matete iliyong'olewa na mafuriko inashuka nayo, kwa hiyo anayefyeka ukingo huku juu anamnyima mtu wa Kavimvira mbegu.

Matete hayazuii ziwa kupanda, nakubali. Lakini yanavunja mawimbi na kushika udongo. Mwaka 2020 na 2024 maji yaliingia nyumba za Uvira, na bado viwanja vinauzwa ndani ya matete! Anauziwa nani? Mhami mwenye haraka ya kupata pa kulala.

Burundi wameweka upande wao wa delta katika hifadhi. Chefu wetu naye apige marufuku uuzaji huu. Na wapandaji wachukue matete katika vichaka vingi vya Ruzizi hii hii, si fungu moja lililokatwa vipande, maana huo ni mmea mmoja: ugonjwa ukiuweza, umeweza ukingo wote.