Jina Moja, Wenyewe Wawili: Funzo la Safu za JavaScript

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii inawafaa waandishi wa programu za tarakilishi, hasa wale wanaopenda kuongeza vitendo vyao katika mikusanyiko iliyokwisha kuundwa na lugha yenyewe.

Mfano mwafaka ni safu, yaani orodha ya vitu vilivyopangwa, katika lugha ya JavaScript. Safu zote za ukurasa hurithi vitendo kutoka kwa kiolezo kimoja; anayekiongezea kiolezo hicho kitendo huziongezea zote. MooTools, maktaba ya programu iliyotolewa mwaka wa 2006, ilikiongezea kitendo kiitwacho flatten. Kisha ilikizunguka kiolezo na kunakili kila kitendo ilichokiona humo hadi katika mkusanyiko wake, Elements.

Mwaka wa 2018, kamati ya TC39 inayosanifisha JavaScript ilikuwa imekusudia kuingiza flatten yake katika lugha. Firefox ya majaribio ilipoipokea, tovuti iliyotegemea MooTools iliharibika. Sababu ilijificha. Vitendo vya asili havionekani katika mzunguko wa aina ile. MooTools iliandika flatten yake juu ya ile ya asili, lakini sifa ya kutoonekana ikasalia. Hivyo kitendo hakikunakiliwa, na Elements ikakikosa. Hatimaye kamati ilichagua jina flat. Awali, contains nayo ilikuwa imegeuzwa kuwa includes kwa sababu ya maktaba iyo hiyo.

Wapo waliodai kwamba tovuti kuukuu zingeachwa zife. Dai hilo halina mashiko. Msomaji wa tovuti hana hatia, na huenda mwenye tovuti hajui hata jina la maktaba aliyowekewa. Lawama ni ya aliyejitwalia jina katika mali ya wote.

Basi safu inapoleta hitilafu isiyoeleweka, mwanafunzi asiishie pale ilipojitokeza. Na aulize: nani mwingine amekigusa kiolezo? Je, jina hili lilikuwapo kabla? Je, mzunguko unaviona vitendo vyote? Fauka ya hayo, tangu mwaka wa 2015 lugha humruhusu kila mwandishi kuunda aina yake inayorithi safu. Humo ndimo nyongeza zinamostahili kukaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na JavaScript imekwisha kujenga kuta mbili.