Nani Atamwambia Mwendesha Baiskeli Ashuke?

Katika Kanda ya Ziwa, msimu wa mashindano ya baiskeli hufuata msimu wa mavuno. Mpunga ukishaingia ghalani na pamba ikianza kuuzwa, barabara zikikauka na upepo wa Juni ukianza kuvuma, vijana wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza huanza kuulizana mbio za kwanza zitafanyika wapi. Wengi wao hawana baiskeli za mbio. Wana baiskeli zilezile za chuma ambazo juma zima hubeba maji, mkaa na magunia. Siku ya mashindano baiskeli hizo huvuliwa keria na madigadi, cheni hupakwa mafuta, na mwenye nayo hujipanga mstarini pamoja na wenzake kukabili kilomita mia moja na zaidi.

Mimi ni mmoja wao, ingawa kwa umri wa miaka 43 na kwa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wa udaktari fiziolojia, vijana huniita mzee kabla hata filimbi haijapulizwa. Naandika juu ya msimu wangu uliopita kwa sababu ulinionyesha pengo ambalo, kwa maoni yangu, sisi wa taaluma ya afya tumelifumbia macho. Katika mbio za ridhaa hakuna mtu aliyepewa mamlaka ya kumshusha barabarani mwendeshaji aliyeumia. Uamuzi huo tumemwachia mwendeshaji mwenyewe, naye ndiye mtu asiyefaa kabisa kuachiwa.

Msimu ulianza vizuri kuliko nilivyostahili. Katika mbio za kwanza, mwezi wa Juni, nilimaliza wa tisa. Kwa mtu wa umri wangu ilikuwa kama kupewa ujana wa pili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kupanga hesabu: ikiwa mazoezi ya siku tatu kwa juma yamenipa nafasi ya tisa, ya siku sita yatanipa nini?

Jibu nililijua, kwani hulifundisha kila mwaka. Mwili hauongezeki nguvu wakati wa mazoezi. Huongezeka nguvu wakati wa kupumzika baada ya mazoezi. Misuli iliyomaliza akiba yake ya glikojeni huhitaji chakula na takriban saa 24 ili kuirejesha. Maji ya damu huongezeka katika siku chache za kwanza za mazoezi, lakini mitokondria zinazoipa misuli nishati huhitaji majuma kadhaa. Anayerudia kazi ngumu kila siku kabla ya matengenezo kukamilika ni sawa na mtu anayemwaga zege juu ya zege bichi.

Julai ikanipata nikiwa mtu wa namna hiyo. Mapigo ya moyo wangu wakati wa kuamka, ambayo kwa kawaida huwa 54 kwa dakika, yakapanda hadi 63. Usingizi ukawa mwepesi. Nikawa mkali kwa watoto bila sababu. Nilipima malaria, vimelea havikuonekana. Nilipima wingi wa damu, ulikuwa wa kawaida. Katika mbio za mwezi huo nilimaliza wa thelathini na moja, nami nikaongeza mazoezi. Kama mwanafunzi wangu angaliniletea dalili hizo katika karatasi ya mtihani na kuandika kwamba tiba yake ni kuongeza mazoezi, ningalimpa sifuri.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Nilidhani methali hiyo inahusu ujuzi, kumbe inahusu pia tamaa.

Mwezi wa Agosti nilianguka. Ninachokisimulia hapa nimekisikia kwa wengine, kwa maana mwenyewe sikikumbuki. Kundi lilikuwa likikaribia daraja dogo, gurudumu langu la mbele likagusa la nyuma la mwenzangu, nikaanguka kwa ubavu na kichwa kikagonga lami. Helmeti yangu ilipasuka. Nililala chini kwa muda ambao mashahidi wanatofautiana kuukadiria, kisha nikainuka, nikanyoosha usukani, nikapanda. Watu waliokuwa kando ya barabara walipiga makofi na vigelegele. Niliendesha kilomita thelathini zilizobaki na kumaliza mbio.

Jioni mke wangu aliniambia, “Baba Neema, hilo umeniuliza mara tatu tangu tuingie ndani.” Nilikuwa nikimuuliza nimekuwa wa ngapi. Alinijibu mara zote tatu kwamba wa ishirini na mbili, kisha akachukua kanga yake na kunipeleka hospitali bila kuniomba ruhusa.

Picha ya kichwa haikuonyesha kitu. Hapa inafaa nimweleze msomaji jambo linalowapoteza wengi. Mtikisiko wa ubongo hauonekani katika picha ya kawaida ya kichwa. Picha hiyo hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko ni hitilafu ya utendaji: ubongo umesukwasukwa ndani ya fuvu, na kwa siku au majuma kadhaa seli zake hazifanyi kazi ipasavyo. Mgonjwa huumwa kichwa, huona kizunguzungu au kichefuchefu, huwa mzito wa kujibu, husahau, hukerwa na mwanga na kelele. Si lazima awe amezimia. Helmeti hupunguza sana hatari ya kuvunjika fuvu na ya majeraha makubwa ya ubongo, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba kiungo kinachoumia ndicho kinachotakiwa kutoa uamuzi. Aliyevunjika mtulinga huupata ukweli kwa maumivu yake. Aliyetikisika ubongo huweza kujiona mzima, na kwa ujasiri mkubwa akasema yu mzima, kwa sababu kipimo chenyewe kimeharibika. Wakati huo mizani yake ni mbovu, mikono huchelewa kushika breki, naye yumo katikati ya kundi la watu waendao kasi. Akianguka mara ya pili kabla ubongo haujapona, madhara huweza kuwa makubwa kuliko ya mara ya kwanza, na kwa vijana, ingawa ni nadra, ubongo huweza kuvimba ghafla na kuua.

Niliyajua yote hayo. Nilikuwa nimeyafundisha. Elimu yangu haikunisaidia chochote pale darajani, kwa sababu aliyekuwa akihitaji kuitumia hakuwapo.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ni udhaifu wa watu wa ridhaa, na kwamba wenye taaluma hujitunza. Historia ya mchezo huu haisemi hivyo. Mwaka 1991 shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli lilipojaribu kuwalazimisha waendeshaji wa kulipwa kuvaa helmeti, wao wenyewe waligoma, na sheria ikarudishwa kabatini. Ilibidi Andrei Kivilev wa Kazakhstan aanguke bila helmeti katika mbio za Paris–Nice, Machi 2003, na kufariki siku iliyofuata, ndipo kuivaa kukawa lazima mwaka uleule. Wanaume hodari kuliko wote duniani walishindwa kujiwekea mpaka; mpaka uliwekwa na kanuni.

Kwa upande mwingine, tazama msimu wa Biniam Girmay wa Eritrea. Tarehe 17 Mei 2022 alishinda hatua ya kumi ya mbio za Giro d'Italia, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mojawapo ya mbio tatu kuu za dunia. Dakika chache baadaye, akiwa jukwaani akifungua chupa ya mvinyo wa kusherehekea, kizibo kilimpiga jicho la kushoto. Hakuanza mbio siku iliyofuata. Jicho lilitunzwa, naye mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Kushuka kwake mwaka 2022 hakukumwondolea kupanda kwake mwaka 2024. Lakini yeye alikuwa na timu iliyomzunguka. Kijana wa Kishapu aliyeanguka darajani ana nani?

Swali hilo liliniangukia mimi mwenyewe. Daktari wangu alinizuia kushindana kwa majuma matatu, nami nikakosa mbio nilizozisubiri mwaka mzima. Septemba, katika mbio za mwisho wa msimu, nilijitolea kusimama kona moja na bendera. Kijana mmoja alianguka mbele yangu na kugonga kichwa. Nilimshika, nikamuuliza tuko mwezi gani. Akajibu, “Juni.” Nikashika usukani wa baiskeli yake na kumwambia kwamba kwake mbio zimekwisha.

Alinitazama, akanitambua. “Dokta,” akasema, “si wewe ulianguka pale darajani ukapanda tena? Sisi tulikupigia makofi.”

Sikuwa na jibu. Wala sikuwa na mamlaka, maana kanuni za mbio zile hazikusema lolote kuhusu jambo hilo. Aliunyakua usukani akaondoka. Nilimfuata kwa bodaboda kilomita kumi na moja, nikimwona akiyumba. Alifika mwisho akitapika. Alilazwa siku mbili, akapona. Alipona kwa bahati.

Baadaye nilimtembelea nyumbani kwao, nikajua kwamba alikuwa ameipangia kazi zawadi ya washindi kumi wa kwanza: mbegu za pamba. Hapo ndipo hoja yangu inapokutana na pingamizi lake kubwa, nami silidharau. Ni rahisi kwa mwenye mshahara kumwambia mwenzake ashuke. Katika soka mchezaji aliyeumia hutolewa, mwingine akaingia, na timu ikaendelea. Katika baiskeli, dakika kumi za kupimwa ni mbio nzima kupotea, na kwa vijana wengi mbio hizo ni sehemu ya riziki. Kumwambia “afya kwanza” kisha kumwacha aende mikono mitupu ni kumbebesha peke yake gharama ya busara yetu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mitambo.

Kwanza, kila mashindano, hata yale ya kijiji, yawe na mtu mmoja aliyeandikwa katika kanuni kuwa na mamlaka ya kumtoa mwendeshaji aliyegonga kichwa. Awe tabibu au muuguzi, na asiwe ndugu wa mshindani wala mtu wa mfadhili. Maswali yake ni mepesi: Hizi ni mbio zipi? Tumeanzia wapi? Nitajie miezi kwa kurudi nyuma. Simama kwa mguu mmoja. Akitia shaka, mwendeshaji ashuke, na uamuzi huo usipingwe siku hiyo. Anayetapika tena na tena, anayepata degedege, anayezidi kusinzia, anayelegea upande mmoja, au anayetokwa na damu au maji puani au masikioni, apelekwe hospitali mara moja.

Pili, waandaaji watenge sehemu ndogo ya fungu la zawadi kwa ajili ya wale wanaotolewa kwa amri ya tabibu. Isiwe kubwa kiasi cha kumshawishi mtu kujiangusha, lakini itoshe kumrudisha nyumbani bila aibu.

Tatu, vyuo vyetu vya afya vipeleke wanafunzi kwa waandaaji na waendeshaji kabla ya msimu kuanza, wafundishe kwa lugha wanayoielewa. Wafundishe kwamba siku ya kupumzika ni siku ya mazoezi. Wafundishe kuhesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na kujihadhari yanapopanda kwa siku kadhaa mfululizo. Wafundishe kwamba baada ya mtikisiko wa ubongo mtu hutulia siku moja au mbili, kisha hurudi hatua kwa hatua, kila hatua isipungue siku moja, na dalili zikizidi hurudi hatua moja nyuma. Na kwamba harudi kwenye mbio mpaka mhudumu wa afya amruhusu.

Na sisi watazamaji tuna letu. Yale makofi ya darajani yalikuwa na nguvu kuliko shahada yangu. Tumezoea kumshangilia anayeinuka na damu usoni, na kumcheka anayekaa kando ya barabara na helmeti mkononi. Wazee walituachia methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Tumeitumia kwa wale wanaokataa matokeo ya mwisho. Naona inamfaa pia anayekataa kushuka.

Msimu mpya unakaribia. Nimerudi kwenye siku tatu za mazoezi kwa juma, na mapigo yangu ya asubuhi yamerudi 54. Yule kijana nimeonana naye tena, tumekubaliana kufanya mazoezi pamoja siku za Jumamosi. Amenipa sharti moja tu: siku nitakayoanguka, yeye ndiye atakayeniuliza tuko mwezi gani, na nikikosea nisibishane naye. Nimekubali, mke wangu akiwa shahidi.