Tanzia ya Samaki

Mnamo Septemba 2020, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copperbelt mjini Kitwe, Zambia, waliwasha mishumaa na kuandamana chuoni mwao wakimlilia samaki. Mafishi, jina ambalo kwa wenyewe lina maana ya samaki mkubwa, alikuwa ameishi katika kidimbwi cha chuo hicho kwa zaidi ya miaka 20. Wanafunzi wa miaka mingi walimkuta pale, wakahitimu, wakamwacha pale. Waliokabiliwa na mitihani walikwenda kumtazama, baadhi wakiamini kwamba ana baraka, wengine wakitaka tu kutuliza nyoyo zao. Alipokufa, Rais wa wakati huo, Edgar Lungu, alitoa rambirambi hadharani. Hakainde Hichilema, mpinzani wake ambaye angemshinda katika uchaguzi wa mwaka uliofuata, akafanya vivyo hivyo. Si mara nyingi mahasimu hao walikutana katika jambo moja.

Hapana shaka wapo waliocheka. Samaki ni kitoweo, analiliwaje? Na Kiswahili nacho, kwa mtazamo wa juujuu, huelekea kuwaunga mkono wenye kucheka. Binadamu hufariki, huaga dunia, hutangulia mbele ya haki. Mnyama hufa tu. Mwili wa binadamu ni maiti, wa mnyama ni mzoga. Samaki ndiye aliyenyimwa zaidi. Ng'ombe akifa bila kuchinjwa huwa kibudu, na walau kifo chake huzusha swali la uhalali wa nyama yake. Samaki hachinjwi, hivyo kufa kwake hakuzushi swali lolote. Hutoka majini akafika gulioni pasipo mtu kutamka neno.

Hata hivyo, sarufi inatoa ushahidi tofauti. Ng'ombe akishachinjwa hubaki nyama, nayo nyama imepikwa, imeiva, imekwisha. Samaki hata akiwa kikaangoni amekaangwa, na akiwa sahanini bado ana miiba. Upatanisho wa viumbe hai haumtupi mpaka anapoliwa. (Kuku naye ana heshima hiyo, jambo ambalo wanaisimu wetu wangefaa kulieleza.) Lugha inayomhesabu samaki kuwa miongoni mwa walio hai hadi mezani haiwezi kudai kwamba kifo chake si kifo.

Anayefuga samaki nyumbani akafiwa naye aghalabu huambiwa anunue mwingine. Kauli hiyo ni ya ukatili, ingawa msemaji hukusudia kufariji. Samaki hapakatwi wala haitiki aitwapo. Mazoea naye hujengwa kwa kumlisha na kumtazama, siku baada ya siku, saa ile ile. Anapoondoka, saa hiyo hubaki tupu, nayo haiuzwi dukani. Wanafunzi wa Kitwe walipoteza mahali pa kupeleka hofu zao za mitihani, na yeyote aliyewahi kukesha akisubiri karatasi ya asubuhi anajua kwamba hofu hizo hazina mahali pengi pa kwenda.

Fauka ya hayo, huo ulikuwa mwaka wa korona. Katika nchi nyingi, mazishi yalihudhuriwa na wachache, na matanga yakafupishwa au yakaachwa. Yamkini baadhi ya walioshika mishumaa usiku ule walikuwa na misiba mingine ambayo hawakupata nafasi ya kuililia. Kama ndivyo, Mafishi aliwatendea hisani ya mwisho. Na hata kama sivyo, walifanya lile ambalo waombolezaji wamelifanya tangu jadi: walikusanyika, wakamtaja marehemu kwa jina, wakatembea pamoja.

Viongozi wa wanafunzi walieleza wakati huo kwamba Mafishi hakuwa amezikwa, na kwamba walikusudia ahifadhiwe kwa dawa. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuitafsiri habari hiyo atalazimika kuamua kilichohifadhiwa ni nini. Mzoga hauhifadhiwi, hutupwa. Maiti ni neno zito. Pengine ataandika mwili, kisha aone kama mhariri atalifuta.